Kumzuia Panya

Miongoni mwa viumbe wanaokaa pamoja na mwanadamu, wako aliowaalika mwenyewe na wako waliojialika. Ng'ombe aliletwa zizini kwa kamba, kuku kwa punje, na mbwa kwa mfupa. Panya hakuletwa na mtu. Alikuja kwa miguu yake siku ile mwanadamu alipoacha kutangatanga, akalima, akavuna, akaweka akiba. Na tangu siku hiyo hajaondoka. Penye akiba ya nafaka panya yupo, na kama leo hayupo, yu njiani.

Lugha yetu humwita kwa jina moja, awe mkubwa au mdogo, wa nyumbani au wa shambani. Lakini nitakayemsema zaidi hapa ni yule mdogo wa nyumbani, ambaye uzito wake wote ni kama gramu 20, na ambaye hupita mahali ambapo mtu hawezi kuamini kwamba pana njia. Ikiwa kalamu ya risasi inaweza kupenya katika tundu, panya mdogo naye anaweza. Akipata kupitisha kichwa, mwili wake hufuata. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo hana budi kuguguna apate kuyapunguza. Ndiyo maana hutafuna hata vitu asivyovila, kama mbao, sabuni na nyaya za umeme. Jike hubeba mimba kwa muda wa majuma matatu hivi, huzaa watoto watano au sita, wakati mwingine zaidi, na watoto hao nao huwa tayari kuzaa kabla ya kutimiza miezi miwili. Msomaji anayependa hesabu na achukue karatasi, apige mwenyewe hesabu ya mwaka mmoja. Ataelewa kwa nini anayemwua panya mmoja leo hajapunguza kitu.

Nilipotoka chuo cha ualimu na kupata kazi katika shule moja ya magharibi ya Nairobi, nilipanga chumba Kangemi, si mbali na barabara ya Waiyaki. Kilikuwa chumba cha mabati yaliyopigiliwa juu ya fremu ya mbao, na sakafu yake ilikuwa ya saruji iliyopasuka hapa na pale. Vyumba vilikuwa 8, vimeungana katika mstari mmoja chini ya paa moja. Dari haikuwapo, na kuta za kutenganisha vyumba hazikufika paani. Juu yake palikuwa wazi, hata kikohozi cha mtu wa chumba cha kwanza kilisikika katika chumba cha nane. Hivyo ndivyo wanavyoishi maelfu ya watu wa Kangemi na Kawangware, watu wenye bidii na heshima, wanaoamka alfajiri kwenda kuujenga mji. Siwasikitikii, nilikuwa mmoja wao. Naeleza namna nyumba ilivyokuwa kwa sababu bila ya kuijua nyumba hatuwezi kumjua panya wake.

Nairobi iko katika kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na tangu mwezi wa Juni hadi Agosti baridi yake huingia mifupani. Majira hayo panya waliokuwa nje majanini na majalalani hutafuta joto kama watu watafutavyo. Usiku wa Julai, taa zilipozimwa, tuliwasikia juu ya boriti wakikimbia kutoka chumba cha kwanza mpaka cha nane na kurudi, kana kwamba wamepanga mashindano. Walikula unga, wakala mishumaa, wakala sabuni. Usiku mmoja waliingia katika rundo la madaftari niliyokuwa nimeyaleta nyumbani kusahihisha, wakazitafuna pembe za insha za kidato cha pili. Niliporudisha madaftari hayo darasani, kijana mmoja ambaye hakuwa ameandika hata mstari alisimama kwa adabu akasema kwamba insha yake yeye imeliwa yote. Darasa zima likacheka, nami pia nikacheka, kisha nikampa siku mbili aiandike.

Hasara ya panya lakini si yale anayoyala. Panya mdogo hula gramu chache tu kwa siku, na mtu mkarimu angeweza kumsamehe. Hasara kubwa ni yale anayoyachafua. Kila apitapo huacha mavi na mkojo, juu ya sahani, juu ya unga, juu ya kitanda cha mtoto. Katika mkojo wa panya mnaweza kuwamo vijidudu vya homa iitwayo leptospirosi, na mavi yake yanaweza kutia sumu katika chakula na kuwaharisha walaji. Tena panya wakubwa huchukua viroboto, na kiroboto wa panya ndiye mjumbe wa tauni. Kwa hiyo kumzuia panya si jambo la usafi wa macho tu. Ni jambo la uhai.

Katika mstari wetu wa vyumba kila mtu alikuwa na dawa yake. Jirani wa chumba cha pili alileta paka. Paka ni mlinzi mwema, na harufu yake peke yake huwatia panya hofu. Lakini paka hulinda pale anapopenda, si pale anapoagizwa. Na paka wa jirani yetu alipenda zaidi jiko la mama mmoja muuza samaki, ambako kazi ilikuwa ndogo na ujira ulikuwa mkubwa. Jirani mwingine alitega mitego ya kubana. Mtego ni silaha ya haki, kwa kuwa unampata yule aliyeujia, na mtegaji huona kwa macho yake alichokitenda. Alinasa panya wawili, watatu, watano. Lakini mahali pa kila aliyenaswa palijazwa na mwingine aliyetoka nje, maana mlango waliopitia ulikuwa wazi vile vile. Ilikuwa kama kuteka maji ya mtumbwi bila ya kuziba tundu lake.

Wa tatu alinunua sumu. Mtu anayepita katikati ya mji, katika Mtaa wa Tom Mboya au River Road, hawezi kuwakosa wauzaji wake. Husimama kando ya njia na vipaza sauti vinavyorudia maneno yale yale tangu asubuhi hadi jioni: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Bei yake ni ndogo, na maskini hupenda kitu cha bei ndogo kwa sababu hana njia nyingine. Lakini nimeziona pakiti nyingine zisizo na hata herufi moja ya kueleza ndani yake mna sumu ya namna gani.

Jirani yetu aliitia sumu hiyo katika kipande cha andazi, akakiweka chini ya ukuta wake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Ukuta ule ulikuwa na nafasi chini, na panya akakiburura kile kipande upande wa pili, katika chumba cha mama muuza mboga, aliyekuwa na mtoto wa miaka mitatu. Mtoto akakiokota. Mama yake alipogeuka alimkuta anatafuna.

Tulimkimbiza hospitali. Daktari aliuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Amekula sumu gani?" Mama alifungua kiganja akamwonyesha kikaratasi cheupe kisicho na maandishi, kilichokuwa kimebakiwa na punje chache. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeweza kujibu. Kwa siku mbili mtoto alilala hospitalini, na kwa siku mbili hatukusikia kikohozi wala kicheko katika mstari wetu wa vyumba. Siku ya tatu alirudi, yu mzima, ameshika ndizi mkononi. Yule aliyeweka sumu alimlaki mlangoni akalia mbele ya watu.

Wanafunzi yawapasa kujua habari ya sumu hizi. Mwaka 1948 sumu iitwayo warfarini ilianza kutumika Marekani kwa kuua panya. Asili yake ilikuwa uchunguzi wa ng'ombe waliokufa kwa kutokwa na damu baada ya kula majani makavu yaliyoharibika. Sumu ya namna hiyo huizuia damu kuganda. Panya aliyeila hafi papo hapo. Huenda zake, hufa baada ya siku kadhaa, na wenzake hawatambui kilichomwua, hivyo nao huendelea kula. Ilidhaniwa kwamba vita vimekwisha. Lakini haikupita miaka 10, na mwaka 1958 walionekana Scotland panya ambao sumu ile haikuwadhuru tena. Wanyonge walikuwa wamekufa, na wastahimilivu wakabaki kuzaa wastahimilivu wenzao. Tena sumu haikomi kwa panya. Bundi anayemla panya aliyekula sumu naye huweza kufa, na bundi mmoja hula panya kadhaa kwa usiku mmoja. Nasi wengi wetu, tukimsikia bundi juu ya paa, humfukuza kwa mawe tukisema analeta kifo. Huyo tunayemfukuza ni mlinzi asiyedai mshahara.

Jioni mtoto aliporudi, watu wa vyumba vyote 8 walikutana uani. Aliyesema neno la maana alikuwa mzee mmoja, mlinzi wa usiku katika nyumba za Lavington, mwenyeji wa magharibi mwa Kenya. Alisema, "Mwalimu, na ninyi wanangu, sisi tunawaua, nao wanazaliana, hatutawashinda kwa kuua. Kwetu nyumbani ghala la mahindi husimama juu ya nguzo, na kila nguzo huvikwa bati laini chini ya sakafu ya ghala. Panya hupanda, akifika penye bati kucha zake huteleza, akaanguka. Hatumwui. Yeye mwenyewe huchoka akaenda zake."

Maneno ya mzee yalinikumbusha jambo la bandarini. Mabaharia wana desturi ya kuvisha kamba za meli iliyofungwa gatini sahani pana za bati, ili panya wa pwani wasipande melini, wala wa melini wasishuke pwani. Nguzo ya ghala na kamba ya meli ni mbali sana, lakini akili iliyotumika ni moja: haimtafuti panya aliko, humkatia njia apitayo. Wahenga wetu walilisema jambo hili zamani kwa maneno machache, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi tukaitafuta njia. Jumamosi moja tulifunga milango mchana, tukaingia vyumbani mmoja mmoja, tukatazama mahali mwanga wa jua ulipopenya. Panapopenya mwanga, panya hupenya. Tuliona nafasi za namna tatu. Ya kwanza ilikuwa juu, mahali bati la paa linapokutana na boriti ya ukuta. Bati lina mawimbi, na boriti imenyooka. Kwa hiyo chini ya kila wimbi hubaki tundu mfano wa nusu ya mwezi, na katika nyumba ya vyumba 8 matundu hayo yalikuwa mamia. Ya pili ilikuwa chini, baina ya bati la ukuta na sakafu, mahali kutu ilipokuwa imekula pembe za bati. Ya tatu ilikuwa milango yenyewe, ambayo chini yake mtu angeweza kupitisha vidole viwili.

Mwenye nyumba alitoa ruhusa, nasi tukachanga fedha. Tulinunua saruji, nyuzi za chuma zile zitumiwazo kusugulia masufuria, na vipande vya bati vilivyosalia kwa fundi mmoja wa jirani. Matundu madogo tuliyashindilia nyuzi za chuma kwanza, kisha tukapaka saruji juu yake. Maana saruji mbichi peke yake panya huichimbua, na matambara huyafanya kiota, lakini nyuzi za chuma humwumiza meno. Chini ya kila mlango tulipigilia ukanda wa bati uliokaribia kugusa sakafu. Fundi alitukatia mbao zenye mawimbi kama ya bati, tukazipachika chini ya paa. Unga, mchele na maharagwe vikaondoka magunia­ni vikaingia katika madebe na ndoo za vifuniko. Jalala lililokuwa nyuma ya ukuta likahamishwa, na nyasi zikafyekwa, kwa sababu panya hapendi kuvuka mahali peupe.

Kazi haikuishia hapo. Nyumba iliyozibwa na panya wamo ndani ni jela ya panya, si ngome ya mtu. Kwa majuma mawili tulitega mitego kila usiku, tukiiweka kando ya ukuta na si katikati ya chumba, kwa kuwa panya hupenda kutembea ubavu wake ukigusa kitu. Tulitumia chambo cha njugu zilizosagwa. Wa ndani walinaswa mmoja baada ya mmoja, na safari hii mahali pao hapakujazwa. Siku ya kumi na tano mitego yote 8 ilikutwa mitupu, na asubuhi mzee mlinzi aliporudi kazini tulimwambia, naye akasema tu, "Endeleeni kufunga milango."

Jambo moja nataka lisimpite msomaji. Kama ningeziba chumba changu peke yangu, ningepoteza saruji yangu. Kuta zetu hazikufika paani. Panya aliyeingia chumba cha nane alikuwa ameingia katika vyumba vyote. Usalama wa mtoto wa mama muuza mboga ulikuwa katika mikono ya watu saba wengine, nao usalama wao ulikuwa katika mikono yake. Shule hufundisha jambo hili kwa maneno makubwa ya uraia. Mimi nililiona likiwa tundu la nusu mwezi chini ya bati.

Mji wa Nairobi wenyewe una habari ya panya ambayo kila kijana wake afaa kuijua. Reli iliyotoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1899, katika bonde la maji na matope, na mji ukaota upesi pasipo mpango mwema. Wafanyabiashara Wahindi walijenga maduka yao karibu karibu, ya mbao na mabati, wakilala mle mle walimouzia nafaka. Mitaro ya kupitisha maji machafu ilikuwa mibovu. Mwaka 1902 tauni ikazuka katika bazaar ile. Wenye mamlaka waliwatoa watu, wakaitia bazaar moto ikateketea.

Walioamuru moto ule hawakukosa habari za tauni. Kijidudu chake kilikuwa kimegunduliwa Hong Kong na Alexandre Yersin mwaka 1894, na mwaka 1898 daktari mwingine Mfaransa, Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, alikuwa ameonyesha kwamba hupelekwa na viroboto vya panya, ijapokuwa wengi walichelewa kumsadiki. Moto uliunguza maduka. Panya wana miguu. Tauni ilirudi Nairobi katika miaka iliyofuata, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1913 akaja kutoka Uingereza Profesa William Simpson kutazama afya ya miji ya Afrika Mashariki, naye akashauri kwamba watu wa rangi mbalimbali watengwe, kila taifa na mtaa wake. Wale waliokuwa wakipenda utengano kwa sababu zao wenyewe walifurahi kupata sababu ya daktari. Mji ukaendelea kugawanywa: vilima vya magharibi na kaskazini kwa Wazungu, upande mwingine kwa Wahindi, na Waafrika wakaelekezwa mashariki, ambako Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Leo mipaka ile imefutwa katika sheria, na Mtaa wa Bazaar wa zamani huitwa Mtaa wa Biashara, mahali watu wa kila namna hununua vitambaa na mablanketi. Lakini fikira iliyouchoma mji mwaka 1902 haijafa. Bado wako wanaoona panya katika nyumba ya mtu wakamdharau mtu, na kusema kwamba wakazi wa vibanda ni wachafu kwa tabia. Hao hawajatazama juu, mahali bati linapokutana na boriti. Nyumba isiyo na dari, isiyo na mtaro, isiyoletewa gari la taka, itakuwa na panya hata akikaa ndani yake mtu msafi kuliko wote; na nyumba iliyozibwa vema haitakuwa nao hata mwenyewe akiwa mvivu kidogo. Wagonjwa wa 1902 walihitaji mitaro na nafasi, wakapewa moto na mpaka. Mama muuza mboga alihitaji ukuta uliofika chini.

Kwa hiyo, kijana unayesoma maneno haya, ukisikia usiku mlio wa kuguguna, usikimbilie kwanza kununua kifo cha pakiti. Washa taa, utafute tundu. Ukiliona, waite majirani zako, kwa maana yamkini nao wanalo, na tundu lao ni lako. Zibeni kwa chuma na saruji, fungeni chakula, ondoeni taka, kisha tegeni mitego kwa wale waliobaki ndani. Ni kazi isiyo na sifa, wala hakuna atakayeimba habari zake. Lakini mtoto anayetambaa sakafuni ataweza kuokota kilichoanguka, na mama yake asiogope.